HERUFI MOJA MWISHONI: MAISHA YA NOAH WEBSTER



Wale tuliolala bweni moja mtaukumbuka mchezo wetu wa jioni za Jumamosi. Mmoja alitaja idadi ya herufi na herufi ya mwisho, na wengine wakatoa maneno ya Kiingereza kwa zamu mpaka mtu akwame. Jioni moja ilitajwa herufi tano, mwisho c. Yakatoka music, magic, logic, panic, topic, comic na tonic. Zamu yangu ilipofika nilikuwa sina neno, nikatolewa.

Juma lililofuata nilifunua Biblia kuukuu ya Kiingereza katika maktaba, nikakuta neno musick limeandikwa kwa k mwishoni. Nikarudi bwenini nikidai kwamba music lilikuwa na herufi sita, na aliyelitaja naye atolewe. Wenzangu wakanicheka. Kwa ukaidi nikaliandika vivyo hivyo katika mtihani wa imla. Mwalimu alinikata maksi, na alikuwa na haki; ila hakunieleza ile k ilikwenda wapi. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipokuwa Chuo Kikuu, katika kusoma maisha ya Noah Webster.

Webster alizaliwa tarehe 16 Oktoba, 1758, huko Connecticut, wakati Marekani ingali koloni la Mwingereza. Baba yake alikuwa mkulima, na ili mwanawe apate kusoma katika chuo cha Yale aliweka shamba lake rehani. Kijana aliingia chuoni mwaka 1774, akahitimu mwaka 1778 katikati ya vita vya uhuru. Baba hakuwa na uwezo wa kumsaidia zaidi. Webster akafundisha shule huku akijisomea sheria, na mwaka 1781 akakubaliwa kuwa wakili, lakini kazi ya uwakili haikumpa riziki ya kutosha. Akarudi kushika chaki.

Darasani aliona jambo lililomkera. Nchi ilikuwa inapigania kujitawala, lakini watoto wake walisoma vitabu vya Uingereza. Mwaka 1783, akiwa na umri wa miaka 24, alitoa kitabu chake mwenyewe cha kufundishia kusoma na kuendeleza maneno. Kilikuja kujulikana kwa jalada lake la buluu, na kwa zaidi ya karne moja ziliuzwa nakala mamilioni kwa mamilioni. Hata hivyo mwandishi hakutajirika, maana malipo yake yalikuwa chini ya senti moja kwa nakala. Tena alilazimika kusafiri jimbo hadi jimbo akiomba sheria ya kulinda haki za waandishi, kwa sababu wapiga chapa waliweza kuchapa kazi ya mtu bila kumlipa.

Sasa turudi kwenye ile k. Kamusi kubwa iliyoheshimiwa siku zile ilikuwa ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755. Johnson alishikilia kwamba kwa kanuni za Kiingereza neno haliishii na c. Kwa hiyo aliandika musick, magick, logick, panick na publick. Katika kamusi yake ule mchezo wetu wa bwenini usingewezekana: maneno yote yale yalikuwa na herufi sita, na yote yaliishia na k.

Webster aliona k hiyo ni mzigo usio na kazi. Haitamkwi zaidi ya c iliyotangulia, na ukirefusha neno kuwa musical haionekani tena. Katika kamusi yake ndogo ya mwaka 1806 aliiondoa. Aliiacha katika maneno mafupi ya tamko moja kama black, stick na clock. Nanyi wanafunzi angalieni: herufi hiyo hurudi ukiandika panicking, kwa sababu bila k msomaji angeitamka c kama s. Hapo k ina kazi, na kwa hiyo ina haki ya kukaa.

Lakini hakuishia hapo. Tangu ujana wake, akitiwa moyo na mzee Benjamin Franklin, alitaka Kiingereza kiandikwe kama kinavyotamkwa. Mwaka 1790 alitoa kitabu cha insha ambamo sehemu nyingine zimeandikwa kwa maendelezo yake mapya, na watu wakamdhihaki. Alipendekeza tung badala ya tongue, na wimmen badala ya women. Yote hayo yalikataliwa. Color na center yalikubaliwa Marekani tu. Sisi tuliofuata mtindo wa Uingereza tumeendelea kuandika colour na centre.

Kwa nini basi ile k ilikubaliwa pande zote mbili za bahari? Ni kwa sababu Webster hakuwa peke yake. Huko Uingereza kwenyewe waandishi wengi walikuwa wamekwisha kuanza kuiacha kabla yake. Yeye aliikuta njia inakanyagwa, akaiweka katika kamusi ikawa barabara. Pale alipotaka kufyeka njia mpya peke yake, watu hawakumfuata.

Kazi yake kubwa ilimchukua zaidi ya miaka 20. Alijifunza lugha nyingi ili kufuatilia asili ya maneno, akasafiri hadi Paris na Cambridge, na huko Cambridge akamaliza kuandika mwaka 1825. Kamusi ilitoka mwaka 1828, mabuku mawili yenye maneno kama 70,000, naye akiwa na miaka 70. Zilipigwa chapa nakala 2,500 Marekani, na kwa bei ya dola 20 zilitoka polepole mno. Ili kutoa toleo la pili, mwaka 1841, mzee huyu aliiweka nyumba yake rehani, kama baba yake alivyoweka shamba. Alifariki New Haven tarehe 28 Mei, 1843, akiwa na deni. Ndugu wawili, George na Charles Merriam, walinunua haki za kamusi hiyo, na mikononi mwao ikapata soko na sifa.

Simsifu kwa kila jambo. Alikuwa mtu mkali, mwenye kujiona, na wengi waliofanya naye kazi hawakumpenda. Lakini mimi niliyetumika serikalini miaka hii yote nimejifunza kwake jambo moja. Nimeandika nyaraka nyingi za kuagiza watu wabadili hiki na kile. Zilizofanikiwa ni zile zilizowapunguzia watu kazi waliyokwisha kuichoka. Zile nilizoziona mimi peke yangu kuwa za busara zimelala katika majalada.

Wadogo zetu, mnapokatwa maksi kwa herufi moja, msidhani ni jambo dogo. Nyuma yake pana watu waliobishana maisha yao yote. Na mkumbuke bahati tuliyo nayo: Kiswahili twakiandika kama twakitamka, jambo ambalo Webster alilitafuta asilipate. Sisi twaandika muziki, na k yetu husikika.

Siku ya mkutano wetu nitawangoja wale wa bweni langu. Herufi tano, mwisho c. Safari hii nimekuja na civic, relic na cubic.