Mfahamu Acheson, mgunduzi wa chembe za jiwe la grenda

UKIPITA katika karakana za kuchomelea vyuma mjini Nachingwea au Ruangwa, hasa wakati wa msimu wa korosho, hukosi kusikia mlio wa grenda. Fundi anakata nondo za madirisha, anasawazisha mlango au anatengeneza tela la mkulima. Wengi wanaitumia mashine hiyo kila siku, lakini wachache wanamfahamu mtu aliyegundua chembe kali zinazofanya kazi hiyo.

Huyo ni Edward Goodrich Acheson, aliyezaliwa Machi 9, 1856 katika mji wa Washington, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baba yake alikuwa akiendesha tanuri la kuyeyushia chuma. Biashara ilipoyumba, kijana Edward aliacha shule akiwa bado kijana mdogo na kuanza kujitafutia riziki, huku usiku akijisomea mambo ya umeme.

Mwaka 1880 aliajiriwa na Thomas Edison, aliyekuwa akitengeneza taa za umeme. Baadaye alitumwa Ulaya kufunga taa hizo. Aliporudi aliamua kujitegemea.

Mwaka 1891, akijaribu kutengeneza almasi, Acheson alichanganya udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa, kisha akapitisha umeme mkali ndani yake. Almasi haikupatikana. Badala yake aliona chembe chache zinazong'aa. Alipozipitisha juu ya kioo, kioo kilichanika.

Alidhani amepata mchanganyiko wa kaboni na korandamu, madini ya jamii moja na yakuti zinazochimbwa Tunduru, hivyo akaziita karborandamu. Baadaye ilibainika kuwa ni kaboni iliyoungana na silikoni. Hati yake miliki ilitolewa mwaka 1893, na wateja wake wa kwanza walikuwa wakata vito wa New York. Mwaka 1895 kiwanda kilihamia Niagara Falls, kwenye umeme mwingi wa maporomoko ya maji.

Fundi na mkulima wana la kujifunza hapa. Chembe za jamii hizo mbili ambazo Acheson alizichanganya majina ndizo zilizomo katika mawe mengi ya grenda hadi leo. Jiwe lenye herufi A katika namba yake limetengenezwa kwa chembe za jamii ya korandamu na ni la chuma. Lenye herufi C ni la chembe za Acheson, kwa ajili ya mawe, tofali na zege. Ukikata zege, vumbi lake laini huharibu mapafu moja kwa moja, hivyo barakoa ni lazima.

Aidha, chembe hizo ni ngumu lakini jiwe lenyewe huvunjika kirahisi. Jiwe la inchi nne na nusu linaruhusiwa kuzunguka hadi mara 13,300 kwa dakika, na ukingo wake hufikia kasi ya kilomita 288 kwa saa. La inchi tisa mwisho wake ni takriban mara 6,600. Kwa hiyo fundi anayetoa kava ili afunge jiwe kubwa kwenye grenda ndogo inayozunguka mara 11,000 anajitegea bomu. Likipasuka, kipande hakimsubiri mtu akwepe.

Acheson hakuishia hapo. Alipozidisha joto la karborandamu, silikoni iligeuka mvuke ikabaki kinywe safi, madini yale yale ambayo wilaya ya Ruangwa ina akiba yake kubwa. Alipata hati miliki ya kinywe hicho mwaka 1896. Hata hivyo, aliondoka katika kampuni ya karborandamu aliyoianzisha baada ya kushindwa kuelewana na wenye mtaji, akaendelea na biashara ya kinywe na vilainishi vya mashine. Alifariki dunia Julai 6, 1931 mjini New York, akiwa na hati miliki 70.

Kabla ya kuwasha grenda, hakikisha kava imefungwa, vaa miwani ya kinga na usivae nguo zinazoning'inia. Soma pete ya chuma katikati ya jiwe uone tarehe ya mwisho wa matumizi. Jiwe lililolowa, lililoanguka au lenye ufa litupwe. Jiwe jembamba la kukatia lisitumike kusagia kwa ubavu. Chomoa waya kwenye umeme kabla ya kubadilisha jiwe.

Mkulima wa korosho naye akumbuke kuwa salfa hushika moto upesi. Usikatie chuma karibu na mifuko ya salfa, petroli au majani makavu.

Jiwe jipya hununuliwa dukani. Jicho halina duka.