Lightner Witmer na Kijana Aliyeshindwa Tahajia

Mwezi Machi mwaka 1896, mwalimu mmoja wa shule mjini Philadelphia, nchini Marekani, alimwendea mhadhiri wake akiwa na tatizo ambalo hakuna mwalimu wa lugha asiyelijua. Mwalimu huyo, Margaret Maguire, alikuwa na mwanafunzi wa miaka 14, mwenye akili nzuri na mwepesi wa kufikiri, lakini ambaye hakuweza kuandika hata maneno mepesi bila kuyakosea. Maguire alikuwa akihudhuria mihadhara ya saikolojia. Aliona kwamba ikiwa elimu hiyo ina faida yoyote, basi haina budi kumsaidia mtoto yule. Mhadhiri aliyekabidhiwa mzigo huo aliitwa Lightner Witmer. Kutokana na kisa hicho ilizaliwa taaluma iitwayo saikolojia ya kliniki.

Witmer alizaliwa Philadelphia tarehe 28 Juni 1867, mtoto wa mfanyabiashara ya dawa. Alihitimu Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1888, kisha akafundisha historia na Kiingereza katika shule ya wavulana. Huko alikutana na kijana aliyejiandaa kuingia chuo kikuu huku Kiingereza kikimshinda. Witmer alipomchunguza kwa subira, aligundua kwamba kijana huyo hakuzisikia vizuri sauti za mwisho wa maneno. Kwa kuwa katika Kiingereza wakati uliopita mara nyingi hubebwa na sauti hizo, sarufi yote ya vitenzi ilikuwa imemvurugikia. Hakuwa mvivu, alikuwa akiandika kile alichokisikia.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Katika madarasa yetu, mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi /l/ na /r/ huandika *kura* akikusudia *kula*. Sisi wenyewe, katika miaka yetu ya mwanzo ya ualimu, tuliwahi kumkata alama mwanafunzi wa namna hiyo wiki baada ya wiki, tukiandika pembeni mwa daftari kwamba ni mzembe, kabla hatujapata wazo la kumwita na kumsikiliza akitamka. Witmer alilipata wazo hilo akiwa mwalimu kijana.

Aliporudi chuoni alikuwa msaidizi wa James McKeen Cattell, naye ndiye aliyemhimiza aende Leipzig, Ujerumani, kwa Wilhelm Wundt, aliyekuwa amefungua maabara yake ya saikolojia mwaka 1879. Huko Witmer alipata shahada ya uzamivu. Saikolojia ya Wundt ilitafuta kanuni za akili kwa jumla, na mtu mmoja mmoja mwenye shida yake hakuwa na nafasi kubwa ndani yake. Mwaka 1892 Witmer alirudi Pennsylvania na kuongoza maabara iliyoachwa na Cattell. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Basi Maguire alipomleta yule mwanafunzi, ambaye katika maandishi Witmer alimpa jina la Charles Gilman, mhadhiri alianza na mwili. Alipimwa macho, ikaonekana kwamba kijana alikuwa akiona vitu viwili viwili, na hakuna aliyewahi kulitambua hilo kwa miaka yote aliyokaa shuleni. Alipewa miwani. Hata hivyo, miwani peke yake haikutosha, kwani picha za maneno zilikuwa hazijajengeka katika kumbukumbu yake. Ilibidi mwalimu wake amfundishe upya kusoma na kuandika, na hatua kwa hatua akaanza kusonga mbele.

Mwaka huohuo Witmer alifungua kliniki ya saikolojia chuoni hapo, ya kwanza duniani. Watoto waliletwa kwa sababu ya kigugumizi, ugumu wa kujifunza au tabia zilizowashinda wazazi. Neno kliniki alilichukua kwa matabibu akiwa na maana ya njia ya kazi: kumchunguza mtu mmoja mmoja, kutafuta chanzo, kutibu, kisha kujifunza kutokana na matokeo. Mwezi Desemba aliwaeleza wanasaikolojia wenzake mpango wake, lakini wengi hawakuonyesha shauku. Mwaka 1907 alianzisha jarida lake, *The Psychological Clinic*, lililoendelea hadi 1935.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Aliandika mashambulizi makali dhidi ya William James, mwanasaikolojia aliyeheshimiwa kuliko wote nchini mwake, na tunadhani alivuka mpaka. Lakini ukali huohuo ulimfanya mwaka 1915 aandike kitabu kumtetea Scott Nearing, mchumi aliyeachishwa kazi na chuo chao kwa sababu ya misimamo yake. Vilevile hakukubali kwamba mtoto aweza kuhukumiwa kwa namba moja ya kipimo cha akili. Katika shule yake ndogo alimpokea mtoto aliyemwita Don, ambaye hakuwa amefikisha miaka mitatu, asiyesema na aliyelia alipoguswa, wengi wangemwacha. Baada ya miaka kadhaa ya kufundishwa kwa uvumilivu, Don alisoma na kuandika kama watoto wa rika lake.

Witmer alistaafu mwaka 1937 na kufariki tarehe 19 Julai 1956, akiwa na umri wa miaka 89.

Kisa cha Charles alikichapisha katika juzuu la kwanza la jarida lake, mwaka 1907. Charles mwenyewe hakukisoma. Alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huo kwa kifua kikuu, akiwa bado kijana, baada ya kujifunza kusoma.