John Charnley: Daktari aliyekataa kusifu kazi yake kabla ya wakati

MTU anayebeba mizigo mpakani anajua kwamba goti ni mtaji. Goti likigoma, biashara inasimama. Huwezi kupanda lori, huwezi kuchuchumaa kupanga bidhaa chini, huwezi kusimama kwenye foleni ya forodha tangu asubuhi. Hata aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini, akapewa shamba lililogeuka pori, analima kwa magoti yake kabla ya kulima kwa jembe.

Ndiyo maana katika masoko mengi hakosekani mtu anayeuza vidonge, mafuta au sindano ya kumaliza maumivu ya magoti. Naye huwa na ushuhuda wa watu waliopona juzi na jana.

Leo tunamtazama daktari wa Uingereza aliyekuwa na ushuhuda wa namna hiyo, tena wa kweli. Wagonjwa wake waliokuwa hawawezi kutembea waliinuka wakatembea bila maumivu. Baada ya miaka michache aliona kazi yote ikiharibika. Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichofanya jina lake lidumu.

Mtoto wa mfamasia

John Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza, eneo la Lancashire lililojaa viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa, na mama yake alikuwa muuguzi. Alisomea udaktari Manchester, akahitimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25, akafaulu mitihani migumu ya madaktari wa upasuaji.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana. Mwaka 1940 aliingia jeshini kama daktari, akawa miongoni mwa waliohusika katika kuwaondoa askari kwenye fukwe za Dunkirk, Ufaransa. Baadaye alipelekwa Misri, ambako pamoja na kutibu majeruhi alishughulika na karakana zilizotengeneza vifaa vya kunyoosha na kushikilia mifupa iliyovunjika. Huko ndiko tabia yake ya kufanya kazi bega kwa bega na mafundi ilipokomaa.

Alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho. Baada ya vita, akitaka kujua jinsi kipande cha mfupa kinavyoshika kinapopandikizwa, alimwomba mwenzake amfanyie upasuaji yeye mwenyewe kwenye mfupa wa mguu. Kidonda kiliingia usaha, ikabidi apasuliwe tena.

Goti lisilokunjika

Katika miaka hiyo, mtu mwenye goti lililolika hakuwa na njia nyingi. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, tabaka laini na telezi. Gegedu likilika, mfupa hukaribia kusagana na mfupa, na kila hatua inakuwa adhabu.

Mwaka 1948 Charnley aliandika kuhusu njia yake ya kuunganisha goti. Alikata ncha za mifupa miwili, akazibana kwa vyuma kwa nguvu mpaka zikashikana na kuwa mfupa mmoja. Maumivu yaliisha. Lakini mguu huo haukukunjika tena mpaka mwisho wa maisha. Mwenye goti hilo aliweza kusimama na kutembea kwa kuchechemea, lakini hakuweza kuchuchumaa, wala kupiga magoti, wala kukaa kwenye basi lililobanana. Ilikuwa biashara ya kutoa kimoja ili upate kingine, na Charnley hakuridhika nayo.

Nyonga iliyolia kama mlango

Akili yake ilihamia kwenye nyonga. Wakati huo madaktari kadhaa walikuwa wakiweka vichwa bandia vya nyonga vilivyotengenezwa kwa plastiki ngumu. Mgonjwa mmoja aliyewekewa kifaa hicho alikuwa akitoa mlio kila anaposogea, kama bawaba ya mlango iliyokauka mafuta, hata mkewe akashindwa kuvumilia kukaa naye mezani.

Wengine walicheka. Charnley aliona mlio huo ni ishara ya msuguano. Kiungo cha asili huteleza vizuri kuliko barafu juu ya barafu, ilhali kile bandia kilikuwa kinakwaruza. Alihitaji vitu viwili vinavyoteleza vikavu, bila kutegemea majimaji ya mwili.

Akachagua plastiki telezi ijulikanayo kama Teflon. Ili kukishikilia kifaa ndani ya mfupa, alichukua saruji iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno, kwa ushauri wa mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester, Dennis Smith. Kazi hiyo aliiendesha katika hospitali ya Wrightington, karibu na Wigan, iliyokuwa zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Matokeo ya kwanza yalishangaza. Watu waliokuwa wameshindwa kutembea walitembea. Wagonjwa wapatao 300 wakawekewa nyonga za Teflon. Angekuwa mtu wa kutafuta sifa za haraka, angetangaza ushindi siku hizo.

Ushindi ulipogeuka

Miaka miwili mitatu ikapita, maumivu yakarudi. Teflon ilikuwa inalika upesi, na vumbi lake lilichokoza nyama za mwili, zikavimba na kujaa uchafu mzito, na mfupa uliozunguka ukaharibika. Mmoja baada ya mwingine walirudi hospitali, na Charnley mwenyewe akawapasua tena kuondoa kifaa alichokiweka kwa mikono yake.

Hakuficha. Alijidunga vumbi la Teflon kwenye paja lake ili aone mwili unavyoipokea, na uvimbe ukajitokeza. Mwaka 1963 aliyaandika hayo katika jarida la kitabibu ili madaktari wengine wasirudie njia ileile.

Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1962 mchuuzi wa plastiki alifika hospitalini na kipande cha polietilini nzito, iliyokuwa ikitengenezewa meno ya mashine katika viwanda vya nguo vya Lancashire. Charnley alikitazama akakidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakukitupa. Bosi wake aliposafiri, Craven alikifunga kwenye mashine ya kupima ulikaji, akaiacha ikizunguka usiku na mchana. Baada ya majuma matatu kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Charnley aliporudi na kuona, alikubali kwamba fundi alikuwa sahihi.

Novemba 1962 aliweka nyonga ya kwanza yenye plastiki hiyo. Safari hii hakukimbilia kusifu. Kwa miaka kadhaa hakuruhusu kifaa kiuzwe ovyo. Daktari aliyekitaka alipaswa kwanza kwenda Wrightington kujifunza. Aliwaita wagonjwa wake mara kwa mara awapime, na akawaomba wakubali kwamba watakapofariki, nyonga zao zitolewe zichunguzwe zimelika kiasi gani. Wengi walikubali.

Adui mwingine alikuwa usaha. Mwanzoni takribani wagonjwa 7 kati ya 100 walipata maambukizi ndani ya kiungo. Charnley alijenga ndani ya chumba cha upasuaji kibanda chenye hewa iliyochujwa, madaktari wakivaa mavazi maalumu, na idadi ikashuka hadi chini ya 1 kati ya 100.

Kutoka nyonga hadi goti

Mwaka 1968 daktari kutoka Kanada, Frank Gunston, aliyekuwa pia na elimu ya uhandisi, alikuwa Wrightington akijifunza. Alichukua vitu vilevile vya nyonga, yaani chuma, polietilini na saruji, akatengeneza goti bandia linalokunjika. Goti ambalo Charnley miaka ishirini kabla aliweza tu kuliunganisha liwe gogo, sasa lilipata njia ya kutembea. Wengine waliendeleza kazi hiyo, hasa New York katika miaka ya 1970. Leo takribani magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu miaka 25.

Charnley alipewa heshima ya Sir mwaka 1977. Alifariki Agosti 5, 1982 akiwa na miaka 70. Mwaka huohuo yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali 19 za Uingereza na Sweden, kwa upasuaji zaidi ya 8,000 wa nyonga na magoti. Waliopasuliwa katika hewa iliyosafishwa walipata maambukizi chini ya nusu ya wengine. Alichokuwa akikisema kwa miaka mingi, na baadhi ya wenzake wakikitilia shaka, kilikuwa kimepimwa.

Funzo kwa mwenye goti linalouma

Tangu hapo tiba nyingi za magoti zimepitishwa kwenye mizani hiyo, na baadhi zimeanguka. Mwaka 2002 huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walisafishwa goti kwa upasuaji wa tundu dogo, wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani. Kwa miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maumivu. Mwaka 2017 wagonjwa 140 walifuatiliwa miaka miwili, wengine wakidungwa dawa ya steroidi ndani ya goti kila baada ya miezi mitatu, wengine maji ya chumvi. Maumivu yalikuwa sawa, lakini gegedu la waliodungwa steroidi lililika zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sindano inayokupa nafuu wiki hii haijathibitisha kwamba inaliponya goti. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu kweli, lakini vikimezwa kila siku bila kupimwa vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Kinachopendekezwa kwanza na wataalamu ni kitu kisicho na duka: mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, kupunguza uzito kwa aliyenenepa, na kugawa mzigo mkubwa kuwa miwili. Goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa ikaja, hilo si la kungoja. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na ukikutana na muuzaji mwenye tiba mpya, muulize maswali ambayo Charnley alijiuliza baada ya Teflon. Imejaribiwa kwa watu wangapi? Wamefuatiliwa kwa muda gani? Walioumia wako wapi? Asipokuwa na majibu, hela yako ibaki mfukoni.