Les Aspin

Leslie Aspin Jr. (Milwaukee, Wisconsin, 21 Julai 1938 – Washington, D.C., 21 Mei 1995), aliyejulikana zaidi kama Les Aspin, alikuwa mwanauchumi na mwanasiasa wa Marekani wa chama cha Democratic. Alikuwa mbunge wa jimbo la Wisconsin kuanzia 1971 hadi 1993, kisha Waziri wa Ulinzi katika serikali ya rais Bill Clinton kuanzia Januari 1993 hadi Februari 1994.

Anakumbukwa kama mmoja wa viongozi wa kwanza wa Marekani waliopendekeza kwamba sehemu ya bajeti ya ulinzi itumike kumsaidia adui wa zamani, yaani Umoja wa Kisovyeti, wakati dola hilo lilipokuwa linasambaratika likiwa bado na maelfu ya silaha za nyuklia.

Maisha ya awali na elimu

Aspin alizaliwa na kukulia Milwaukee. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 1960. Kutoka huko alikwenda Oxford nchini Uingereza alikopata shahada ya uzamili, na mwaka 1965 alipata shahada ya uzamivu katika uchumi kwenye chuo cha MIT, Massachusetts.

Miaka ya 1966 hadi 1968 alitumikia jeshi akiwa na cheo cha kapteni. Hakupelekwa vitani, bali aliwekwa Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, kama mchambuzi wa mifumo chini ya waziri Robert McNamara. Kazi yake ilikuwa kupima gharama za silaha na faida yake. Baadaye alifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee.

Bungeni

Alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1970, wakati Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, naye alikuwa miongoni mwa waliovipinga. Akapata sifa ya mbunge anayefichua ubadhirifu wa fedha za jeshi. Mara nyingi alitoa taarifa zake mwishoni mwa wiki, magazeti yanapokuwa na habari chache, ili zipate nafasi kubwa zaidi.

Mwaka 1985 wabunge wa chama chake walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya majeshi ya Baraza hilo, wakimruka mwenyekiti mzee Melvin Price na wajumbe wengine waliomzidi miaka ya utumishi. Hata hivyo hakufuata msimamo wa chama kila mara. Aliunga mkono makombora ya MX na misaada kwa waasi wa Contra wa Nikaragua, jambo lililowaudhi wenzake. Januari 1987 walimpigia kura ya kumwondoa kwenye uenyekiti, lakini aliurudia katika mwezi huohuo. Mwaka 1991 aliunga mkono Vita vya Ghuba dhidi ya Iraki.

Pendekezo la 1991

Agosti 1991 kundi la viongozi wa Kisovyeti lilijaribu kumpindua rais Mikhail Gorbachev. Jaribio lilishindwa baada ya siku 3, lakini liliacha swali zito: nani anazishika silaha za nyuklia za nchi ile? Silaha hizo zilikadiriwa kuwa takriban 30,000, na nyingi zilikuwa zimetawanyika nje ya Urusi, hasa Ukraine, Belarus na Kazakhstan.

Aspin aliona kwamba hatari ilikuwa imebadilika. Kwa zaidi ya miaka 40 Marekani iliogopa nguvu za Umoja wa Kisovyeti. Sasa ilipaswa kuogopa udhaifu wake. Askari asiyelipwa mshahara anaweza kuuza silaha anayoilinda, na mwanasayansi mwenye njaa anaweza kuuza ujuzi wake kwa yeyote mwenye fedha. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Agosti Aspin alipendekeza dola bilioni 1 zitolewe kwenye bajeti ya ulinzi kwa ajili ya misaada ya kibinadamu, ili majira ya baridi yasilete njaa na vurugu katika nchi yenye silaha hizo.

Seneta Sam Nunn wa Georgia, mwenyekiti wa kamati ya majeshi ya Seneti, alijiunga naye. Nunn alitaka pia msaada wa kuvunja silaha na kugeuza viwanda vya kijeshi vitengeneze bidhaa za kiraia. Wakaunganisha mapendekezo yao.

Mpango huo ulipingwa vikali. Uchumi wa Marekani ulikuwa unayumba, na uchaguzi mdogo wa useneta huko Pennsylvania mwanzoni mwa Novemba ulionyesha kwamba wapiga kura walitaka serikali ishughulikie kwanza shida za nyumbani. Wabunge wengi hawakutaka kuonekana wakimpa fedha adui wa jana. Katikati ya Novemba Aspin na Nunn waliliondoa pendekezo lao.

Nunn hakukata tamaa. Akishirikiana na Richard Lugar, seneta wa Republican kutoka Indiana, alileta mpango mdogo zaidi uliolenga moja kwa moja kuvunja silaha. Tarehe 25 Novemba Seneti iliupitisha kwa kura 86 dhidi ya 8. Sheria iliruhusu kutumia hadi dola milioni 400 za bajeti ya ulinzi, na rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 12 Desemba 1991. Wiki 2 baadaye Umoja wa Kisovyeti ulikoma kuwepo. Mpango huo unajulikana kwa majina ya Nunn na Lugar. Jina la Aspin halimo.

Waziri wa Ulinzi

Aspin alipoingia Pentagon Januari 1993, utekelezaji wa mpango huo ukawa jukumu la wizara yake. Msaada haukutolewa kama fedha taslimu. Marekani ilipeleka vifaa na wataalamu: makontena ya kuhifadhia madini ya nyuklia, blanketi za kukinga vichwa vya nyuklia dhidi ya risasi wakati wa kusafirishwa, na mitambo ya kukatia makombora na ndege za kivita. Kazi ilikwenda polepole, kwa kuwa fedha zilipaswa kuhamishwa kutoka mafungu mengine ya wizara. Kuanzia mwaka wa fedha 1994 mpango ulipewa fungu lake wenyewe.

Juni 1993 Aspin alitembelea Kiev, ambako serikali ya Ukraine ilikuwa inasitasita kuziachia silaha zilizobaki katika ardhi yake. Alipendekeza vichwa vya nyuklia viondolewe kwenye makombora na kuwekwa chini ya uangalizi wa kimataifa. Januari 1994 marais wa Marekani, Urusi na Ukraine walitia saini makubaliano ya kuvihamishia vichwa hivyo Urusi.

Katika wizara yake Aspin alifanya pia mapitio makubwa ya majeshi baada ya Vita Baridi, na Aprili 1993 aliwafungulia wanawake urubani wa ndege za mapigano. Afya yake haikuwa nzuri. Mwaka huohuo alilazwa kwa ugonjwa wa moyo na kuwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo.

Pigo kubwa lilitoka Somalia. Septemba 1993 makamanda waliomba vifaru na magari ya deraya kwa ajili ya askari wa Marekani waliokuwa Mogadishu, naye Aspin hakuidhinisha. Tarehe 3 na 4 Oktoba askari 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano mjini humo, pamoja na mamia ya Wasomali. Aspin alikiri kwamba uamuzi wake haukuwa sahihi. Kujiuzulu kwake kulitangazwa Desemba 1993, na nafasi yake ikachukuliwa na naibu wake, William Perry.

Kifo na urithi

Baada ya kutoka serikalini alirudi kufundisha Marquette na kuongoza tume ya kuchunguza kazi za idara za ujasusi. Alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 56. Chuo Kikuu cha Marquette kiliita kwa jina lake kituo chake cha masomo ya serikali mjini Washington.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake vichwa vya mwisho vya nyuklia viliondolewa Kazakhstan. Ukraine na Belarus zilifuata mwaka 1996. Katika miaka 20 ya kwanza mpango ulisaidia kuzima zaidi ya vichwa 7,500 vya nyuklia, pamoja na kuharibu mamia ya makombora ya masafa marefu na nyambizi zaidi ya 30.