Abeti Masikini: binti wa Kisangani aliyefikisha Kiswahili chetu Olympia ya Paris

Alizaliwa kwa jina la Elisabeth Finant, lakini dunia ilimjua kama Abeti Masikini. Alizaliwa Kisangani, wakati huo Stanleyville, tarehe 9 Novemba 1954. Alifariki karibu na mji wa Paris tarehe 28 Septemba 1994, akiwa na umri wa miaka 39. Katika muda huo mfupi aliimba Paris, New York, Kinshasa, miji mingi ya Afrika Magharibi, hata China. Tena aliimba akiwa na orkestra yake mwenyewe, wakati ambapo wanawake wengi wa muziki wa Kongo walikuwa bado wanasimama nyuma ya wanaume.

Kwa wakaaji wa Walikale na Masisi, Abeti si mtu wa mbali. Barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu inapita Walikale na Lubutu mpaka Kisangani, mji aliozaliwa. Kikumu kinachosemwa Walikale kinasemwa pia Lubutu na kando ya Kisangani. Zaidi ya hapo, lugha aliyoichukua kutoka nyumbani na kuipandisha jukwaani ni hii yetu ya kila siku: Kiswahili cha mashariki mwa Kongo.

Mtoto wa mwanasiasa aliyeuawa

Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa jimbo la Orientale. Cheo hicho hakikudumu. Lumumba alipoondolewa madarakani, watu wake walianza kuwindwa. Finant alikamatwa, akapelekwa mbali na jimbo lake, na mwezi Februari 1961 aliuawa Bakwanga, mji unaoitwa leo Mbuji-Mayi, pamoja na wafuasi wengine wa Lumumba. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya Lumumba mwenyewe kuuawa Katanga.

Binti yake alikuwa na miaka sita. Familia iliondoka Kisangani na kwenda kuanza maisha upya Kinshasa. Abeti alikulia huko, katika mji wa Lingala, akiwa yatima wa siasa kama watoto wengi wa mashariki wa kizazi chake na wa vizazi vilivyofuata. Alipenda kuimba tangu utoto, na kaka yake Abumba alishika gitaa. Baadaye Abumba ndiye aliyetunga nyimbo nyingi alizoziimba dada yake, na ushirikiano wao ulidumu kwa miaka mingi.

Wa tatu katika shindano

Mwaka 1971 Abeti, ambaye wakati huo alikuwa akijiita Betty, aliingia katika shindano la kutafuta vijana wenye vipaji mjini Kinshasa, lililoandaliwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakushinda. Alipata nafasi ya tatu. Lakini Gérard Akueson, mtayarishaji wa muziki kutoka Togo, alikuwa akitafuta sauti mpya. Sauti iliyomvutia haikuwa ya aliyeshika nafasi ya kwanza. Aliichukua ile ya msichana wa tatu. Akueson akawa msimamizi wa kazi zake, kisha akawa mume wake na baba wa watoto wake.

Wakati huohuo nchi ilikuwa inabadilishwa jina. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 Rais Mobutu akawataka raia waache majina ya Kizungu. Betty akawa Abeti, na Finant likaacha nafasi kwa Masikini. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote anayesema Kiswahili. Katika mji uliopenda mavazi ya bei na majina makubwa, binti huyu alisimama jukwaani akiitwa Masikini, na jina hilo likaja kuwa kubwa.

Kinshasa haikumpokea haraka. Wakati huo ilikuwa mji wa Franco na OK Jazz, wa Tabu Ley na Afrisa, wa rumba ya kucheza mpaka alfajiri. Abeti alileta kitu kingine: sauti nzito, nyimbo za taratibu, harufu ya blues na soul iliyochanganywa na sauti za nyumbani. Tamasha lake la kwanza mjini lilipata watazamaji wachache sana. Akueson akaamua kumpeleka nje kwanza. Walizunguka nchi za Afrika Magharibi, na huko ndiko watu walikoanza kulishika jina lake.

Olympia akiwa na miaka 18

Tarehe 19 Februari 1973 Abeti aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, unaojulikana kama moja ya majukwaa magumu zaidi ya Ufaransa. Alikuwa na miaka 18. Mwaka huohuo ilitoka santuri yake ya kwanza, ikisimamiwa na Pierre Cardin, mshonaji mashuhuri wa mavazi wa Paris, na jina la Cardin lilichapwa kwenye jalada pamoja na lake.

Katika santuri hiyo kuna wimbo unaoitwa Mutoto Wangu. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa angeandika mtoto. Abeti hakusahihisha. Aliandika na kuimba mutoto, kama mama wa Kisangani, wa Mubi au wa Nyabiondo anavyomwita mtoto wake. Hilo ni jambo la kuzingatia, kwa sababu mara nyingi Kiswahili cha Kongo huchekwa na majirani, na sisi wenyewe tunakionea haya tunapopewa mikrofoni. Lingala ndiyo iliyokuwa lugha ya muziki, na Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya watu wa Paris waliokaa ukumbini. Abeti aliimba lugha hizo zote mbili, lakini hakuiacha ile aliyotoka nayo kwao.

Mwaka uliofuata, 1974, alivuka bahari na kuimba Carnegie Hall, New York. Mwezi Septemba mwaka huo alikuwa Kinshasa, katika tamasha kubwa la siku tatu lililoandaliwa kabla ya pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Katika jukwaa hilo walipita James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba. Kinshasa, iliyokuwa imemkawiza, ilikuwa sasa inamhesabu miongoni mwa nyota wake.

Shule ya wanawake

Abeti hakubaki peke yake jukwaani. Orkestra yake iliitwa Les Redoutables, na wasichana waliocheza na kuitikia nyuma yake waliitwa Les Tigresses, yaani chui-milia wa kike. Kati ya wasichana hao alipita M'bilia Bel, ambaye baadaye alijiunga na Tabu Ley na kuwa mmoja wa waimbaji waliopendwa zaidi Kongo nzima katika miaka ya 80. Mpiga gitaa Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu ambaye leo anajulikana duniani, naye alifanya kazi katika kundi la Abeti kabla ya kwenda Ulaya.

Hapo ndipo ulipo uzito wa Abeti katika historia ya muziki wetu. Lucie Eyenga alikuwa ameimba kabla yake, katika miaka ya 50. Lakini Abeti alionyesha kwamba mwanamke anaweza kuwa na orkestra inayomfuata yeye, kuwalipa wanamuziki, kusafiri na kundi lake na kurudi. M'Pongo Love na wengine waliokuja nyuma yake walikuta mlango tayari umefunguliwa.

Wimbo wa hasira

Katika miaka ya 80 muziki ulibadilika. Paris ikawa makao ya soukous, muziki wa kasi uliochezwa kutoka Abidjan mpaka visiwa vya Antilles. Waimbaji wengi wa rika la Abeti walishindwa kuufuata. Yeye aliingia humo na kutoka na wimbo uliompa mafanikio makubwa kuliko yote: Je suis fâché, wa mwaka 1986. Ulipigwa katika bar, katika harusi na katika redio za nchi nyingi za Afrika. Hata leo, mzee wa Goma au Sake akiusikia anajua mara moja ni nani anayeimba.

Mwaka 1988 alijaza ukumbi wa Zénith, Paris. Mwaka 1989 alikwenda China kwa ziara ya matamasha, safari ambayo wanamuziki wa Afrika wachache walikuwa wameifanya wakati huo.

Kifo katika mwaka mbaya

Kisha ukaja ugonjwa. Abeti alipata kansa ya mfuko wa uzazi. Alitibiwa Ufaransa, na alifariki hospitalini Villejuif tarehe 28 Septemba 1994. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa na kuzikwa katika makaburi ya Gombe.

Kwetu huku mwaka huo haukuwa wa muziki. Mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 yalikuwa yameenea Masisi na kuvunja vijiji vingi. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na kolera ikaua watu kwa wingi. Abeti, ambaye baba yake aliuawa kwa siasa, alifariki wakati mashariki aliyotoka inaanza miaka mingi ya vita ambayo bado haijaisha.

Kuna jambo moja katika kifo chake linalowagusa wamama wa hapa moja kwa moja. Kansa ya mfuko wa uzazi mara nyingi hutoa ishara mapema, hasa damu inayotoka nje ya siku za kawaida, au kwa mwanamke aliyekwisha kufunga uzazi. Ikigunduliwa mapema inaweza kutibika. Mama wa Pinga au wa Kitshanga anayeona ishara hiyo asiifiche kwa haya. Aende kituo cha afya kilicho karibu.

Mwaka 2015 ilitoka filamu kuhusu maisha ya Abeti, na nyimbo zake za zamani zinapatikana tena kwenye intaneti. Kijana mwenye simu Masisi-centre anaweza kumsikia leo bila kulipia santuri. Vipaji havikosekani hapa: viko katika kwaya za makanisa, katika harusi, hata katika kambi za waliokimbia vita. Kila mara kijana wa huku anapotaka kuimba, anaambiwa kwanza ajifunze Lingala ndipo asikike. Abeti aliijua Lingala vizuri. Lakini alipokwenda Paris mara ya kwanza, katika santuri yake ya kwanza, aliweka humo pia mutoto wangu, na watu wakamsikiliza.