Matteo Ricci: Padri aliyejenga kasri la kumbukumbu akilini

MNAMO 1596, katika mji wa Nanchang, kusini mwa China, padri mmoja Mwitaliano aliandika kijitabu cha Kichina kuhusu ufundi wa kukumbuka. Alikusudia kukitoa kwa Lu Wangai, gavana wa jimbo la Jiangxi, ambaye wanawe watatu walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya serikali. Mitihani hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kupata cheo, na haikuwa na huruma kwa aliyesahau vitabu vya Confucius.

Matteo Ricci alizaliwa Oktoba 6, 1552 mjini Macerata, Italia. Baba yake, aliyekuwa mwuza dawa, alimpeleka Roma akasomee sheria. Kijana akaiacha sheria na kujiunga na shirika la Wajesuiti mwaka 1571. Huko Roma alifunzwa hisabati na falaki na Christopher Clavius, na pia akajifunza ufundi wa kumbukumbu waliouacha wasemaji mahiri wa Ugiriki na Roma ya kale.

Asili ya ufundi huo husimuliwa kwa kisa cha Simonides, mshairi wa Kigiriki aliyetoka karamuni kitambo kidogo kabla ya paa kuwaporomokea wageni. Maiti hazikutambulika kwa sura. Simonides alizitambua zote, kwa kuwa alikumbuka kila mgeni alikuwa ameketi wapi. Kisa hicho, kiwe kweli au hekaya, kinabeba wazo zima: jambo likipewa picha, na picha ikipewa mahali, halipotei kwa urahisi.

Machi 1578 Ricci alisafiri baharini kutoka Lisbon. Merikebu yake ilitia nanga Msumbiji, kisha ikavuka Bahari Hindi hadi Goa. Aliwasili Macau mwaka 1582, na mwaka uliofuata akaingia China bara, akiwa na kazi ya kujifunza maandishi yenye maelfu ya alama. Alijifunza barabara. Katika barua zake alieleza jinsi alivyosoma mara moja tu orodha ya mamia ya alama zisizohusiana, akazitaja kwa mpangilio, kisha akazirudia kinyumenyume mbele ya wasomi waliopigwa na butwaa.

Katika kijitabu chake alimwelekeza msomaji ajenge akilini jengo lenye nafasi na mwanga wa kutosha, kisha aweke humo picha zenye uhai na mwendo. Yeye mwenyewe aliweka nne katika pembe za ukumbi wa mapokezi. Ya kwanza ni wapiganaji wawili, mmoja akiwa na mkuki na mwenzake akimzuia mkono, kwa sababu alama ya Kichina ya vita imeundwa kwa sehemu za mkuki na kuzuia. Ya pili ni mwanamke Mwislamu kutoka nchi za magharibi: magharibi na mwanamke huunda alama ya jambo la lazima. Ya tatu ni mkulima anayekata nafaka kwa mundu, yaani faida. Ya nne ni kijakazi aliyebeba mtoto, yaani wema.

Ricci hakuwa akigawa elimu bure. Alitumaini kwamba wasomi wakivutiwa na kumbukumbu yake, watauliza habari za dini iliyomlea. Chambo hicho hakikunasa. Wana wa gavana walifanya vyema mtihanini, lakini yaelekea waliendelea na njia ya jadi ya kukariri kwa kurudiarudia, ile ile iliyotupitisha wengi wetu mitihani. Mkubwa wao alikiri kwamba kanuni zile zilikuwa za kweli, ila akaona kuwa anayetaka kuzitumia sharti awe tayari na kumbukumbu kali.

Hapo, kwa maoni yangu, kijana alikosea nusu. Utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa London mwaka 2003 ulionyesha kuwa mabingwa wa mashindano ya kumbukumbu hawakuwa na akili za kupita kiasi wala ubongo wa umbo la pekee. Karibu wote walitumia mbinu hii ya mahali. Lakini kuunda picha ni jasho, na mwanafunzi mwenye mtihani mlangoni huona jasho hilo ni mzigo wa pili.

Mwaka 1601 Ricci aliruhusiwa kukaa Beijing, baada ya saa alizomzawadia Mfalme Wanli kupendwa sana kasrini. Hata hivyo, hakuwahi kuonana na mfalme ana kwa ana. Mwaka 1602 ramani yake kubwa ya dunia ilichapishwa, na mwaka 1607 yeye na msomi Xu Guangqi wakatoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya jiometria ya Euclid.

Alifariki Mei 11, 1610, akiwa na miaka 57, na mfalme akatoa ardhi azikwe Beijing. Wachina walimwita Li Madou. Alama ya Li iliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake ni ile ile ya picha ya tatu: nafaka, na kando yake kisu.