Beryl Markham: Rubani aliyeifikia Nungwe usiku

Juni 1935, ndege ndogo aina ya Avro Avian ilitua usiku katika kambi ya wachimba dhahabu ya Nungwe, kando ya Ziwa Victoria, eneo ambalo leo ni mkoa wa Geita. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika rubani wake, Beryl Markham, alitoka Nairobi peke yake, akaruka kwa muda wa saa 3 na dakika 40. Alibeba mtungi wa oksijeni kwa ajili ya mchimbaji aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu.

Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kukulia Njoro, Kenya. Kwanza alifunza farasi wa mashindano. Baadaye rubani Tom Campbell Black alimfundisha kurusha ndege, naye akafanya kazi ya kubeba barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Safari ya Nungwe aliifanya bila redio. Alitegemea dira, saa na macho yake, na kiwanja alikitambua kwa mioto iliyowashwa chini.

Leo kuruka kwa kutegemea macho kuna masharti ya kimataifa. Chini ya futi 10,000, rubani kwa kawaida anatakiwa aone angalau kilomita 5 mbele, na akae mita 1,500 kando ya wingu na mita 300 juu au chini yake. Karibu na ardhi, katika baadhi ya anga, inatosha asiingie winguni na aendelee kuiona ardhi.

Kwa nini mita 1,500? Ndege nyingine inaweza kuchomoka winguni ghafla. Ikiwa na mwendo wa kilomita 200 kwa saa, humaliza umbali huo kwa sekunde 27. Tena, ndani ya wingu mwili humdanganya rubani: hudhani amenyooka, kumbe ndege imelala upande.

Septemba 1936 Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, kwa zaidi ya saa 21, nyingi zikiwa za giza, mawingu na mvua, akisoma vipimo. Injini ilizimika, akaanguka kwenye tope huko Nova Scotia, Kanada, akanusurika. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Kalangalala, ndege ndogo ikichelewa kwa sababu ya mawingu, usimlaumu rubani. Anasubiri aone.